Mgahawa umekosa nini?

Jamani, hili la kila sehemu ya chakula kujiita "bistro" limenichosha. Mgahawa tuliouzoea mtaani, wa wali maharage na mchicha pembeni, ulifungwa wiki mbili, ukapakwa rangi ya kijivu, ukafunguliwa na kibao kipya: Bistro. Maharage ni yaleyale, ila sasa ni vijiko vitatu katikati ya sahani kubwa, na bei imepanda mara tatu.

Kinachoniuma ni kwamba Ufaransa kwenyewe bistro asili yake ni mahali pa watu wa kawaida: meza zimebanana, chakula cha siku kimeandikwa kwa chaki ubaoni, bei ya kulipika. Sisi tumechukua jina, tukaacha utu wake.

Na msiniletee ile hadithi kwamba jina "bistro" lilitokana na askari wa Urusi waliodai chakula "bystro", yaani haraka, mjini Paris mwaka 1814. Neno lenyewe halionekani katika maandishi ya Kifaransa hadi miaka ya 1880.

Mgahawa tunalo, limetokana na kahawa, kama lilivyo "café" la hao Wafaransa. Turudishieni kibao chetu, na maharage ya kujaza sahani.