Wanaopeleka watoto Uganda tunawaonea

Mwisho wa Januari pita stendi ya Nyegezi asubuhi utawaona, mtoto kavaa sweta, pembeni godoro limefungwa kamba na tranka la bati lina jina lake kwa rangi nyeupe, safari ya shule Uganda. Na watu hawakosi kusema, wazazi wanatafuta sifa tu hao, shule zimejaa Mwanza hii.

Mi naona tunawaonea. Wengi sio matajiri, ni watu wa dagaa na samaki pale soko la Mwaloni, Uganda wanaijua kibiashara, kwa barabara Kampala ni karibu kuliko Dar na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hata ile foleni ya kivuko haipo tena. Wanachokimbia ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma masomo yake kwa Kiswahili miaka 7, akiingia form one baiolojia Kiingereza, jiografia Kiingereza, hesabu Kiingereza, na anategemewa aelewe tu. Nilikaa na binti wa dada yangu akiwa form one, nikamuuliza kwa Kiswahili mmea unajitengenezeaje chakula, kanieleza vizuri mwanzo mpaka mwisho, jua, maji, hewa, majani, halafu nafungua karatasi ya mtihani wake swali hilohilo kaacha wazi kwa sababu hakuelewa anaulizwa nini. Sifuri ile ilikuwa ya Kiingereza ila imeandikwa kwenye baiolojia. Sasa mzazi akishaona hivyo kwa mtoto wa kwanza, huyu wa pili unamlaumuje akimtafutia shule anayosoma kwa Kiingereza tangu chini, na zile za inglishi midiamu hapa mjini ada yake haiwezi?

Wanaopinga nao wana hoja, na kubwa kwangu ni umri. Serikali yetu 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa chekechea mpaka darasa la nne, ila ukishavuka mpaka pale Mutukula katazo hilo halimfuati mtoto. Kaumwa usiku ana miaka 8, wewe uko Igoma, unafanyaje? Halafu korona ilituonyesha, huku shule zilifungwa Machi 2020 na mwisho wa Juni watoto wote wamerudi, Uganda wengine walikaa nyumbani mpaka Januari 2022. Na akirudi na cheti cha form four cha kule lazima apitie NECTA, baraza letu la mitihani, kulinganishiwa matokeo, na Kiswahili chake cha kuandika unakuta kimepwaya.

Dada yangu huyohuyo sasa anataka kumpeleka mdogo, yuko darasa la tatu. Nimemwambia amwache kwanza avuke la nne, hata kama kule watamrudisha darasa moja au mawili nyuma, bora apoteze mwaka akiwa anajua kujifulia na kusema anapoumwa. Ila kumwambia anatafuta sifa, hapana, ile karatasi niliiona.