Pesa ya kulinda Ziwa Naivasha ifike mpaka Kinangop

Kila maji ya Ziwa Naivasha yakibadilika rangi, watu huangalia mashamba ya maua kwanza. Naelewa sana, zile grinihausi ziko hapo Moi South Lake Road kila mtu anaziona, na maswali ya dawa na maji wanayovuta lazima yaendelee kuulizwa bila kuchoka. Lakini tukiishia hapo ziwa litazidi kuumia, manake sehemu kubwa ya maji ya mito yanayoingia huku yanaletwa na mto Malewa, na Malewa unatoka juu kabisa Nyandarua, unapita kwa viazi na kabeji na karoti na minji za watu wa Wanjohi na Kinangop, unaungana na mto Turasha, halafu unaingia ziwani upande wa kaskazini, na msimu wa mvua unafika ukiwa rangi ya chai ya maziwa.

Hiyo rangi ni udongo wa shamba la mtu. Na udongo hauji peke yake, fosfeti, yaani chakula cha mimea kilicho kwa fatalaiza na samadi, hushikana na chembe za udongo, kwa hivyo mvua ikipiga shamba lililolimwa kuteremka mlima, yote inashuka pamoja. Ikifika huku inalisha mwani na magugumaji. Mwani ukijaa maji yanageuka kijani, ukifa unaoza, na kule kuoza kunamaliza oksijeni ndani ya maji. Februari 2010 samaki walikufa wengi hapa ziwani, watu wakaanza kunyosheana vidole juu ya dawa za maua, lakini kilichoonekana kuwaua ni kukosa oksijeni: ukame wa 2009 ulikuwa umeshusha ziwa sana, halafu mvua za kwanza zikasomba uchafu wote wa bondeni kwa mpigo mmoja.

Halafu kuna jambo moja kuhusu ziwa letu ambalo ningependa kila mtoto wa Naivasha afundishwe shuleni. Naivasha haina mto unaotoka. Majirani zake Elementaita na Nakuru wana maji ya chumvi, yetu ni matamu, na sababu kubwa ni kwamba maji yanapenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Sasa chumvi inapata njia ya kutoka, udongo haupati. Ukishaingia umeingia, unakaa chini hapo, na mbolea yake inaendelea kulisha mwani miaka na miaka.

Ndio maana nasema pesa ya kulinda ziwa ipande mlima, na si ndoto, imeshafanyika. Kuanzia 2006 hivi, mashirika ya WWF (la mazingira) na CARE (la misaada) walianzisha mpango wa watu wa chini kuwalipa watu wa juu. Vyama vya watumiaji maji, vile vilivyokuja baada ya Sheria ya Maji ya 2002, vikakubaliana: huku ziwani wakulima wakubwa na wafanyabiashara wanachanga, huko Wanjohi na Turasha mkulima mdogo anapanda majani ya nepia kwa mistari inayokata mteremko, anaacha kulima mpaka ukingo wa mto, anapanda miti, akikaguliwa na kukutwa amefanya, anapewa vocha ya kuchukua mbegu na pembejeo kwa agroveti. Vocha yenyewe ilikuwa kidogo, lakini ule mstari wa nepia unazuia udongo wake usiende, na ng'ombe anakula nepia, maziwa yanaongezeka. Mkulima anafaidika kabla hata sisi huku chini hatujaona tofauti yoyote kwa maji. Mimi sijaona mpango mwingine hapa kwetu ambao mtu wa juu na mtu wa chini wote wanatoka na kitu mkononi.

Shida yangu ni kwamba mpango kama huo ukitegemea wafadhili na hiari ya wachache, unakuwa mdogo siku zote. Wavutaji maji wakubwa tayari wanalipa ada ya serikali kwa maji wanayotumia. Sehemu ya hiyo ada itengwe kisheria irudi kwa mteremko wa Malewa, iwe bajeti ya kila mwaka, mkulima ajue mwaka ujao ipo. Na mpaka wa kaunti usiwe kisingizio, mto unaanzia Nyandarua na unaishia Nakuru, na hizi kaunti mbili zisipokaa meza moja na plani moja ya bonde zima, kila mmoja atakuwa anasubiri mwenzake.

Sasa tuje huku kwetu ufuoni, maana siwezi kumwambia mkulima wa Kinangop asilime kingo za mto wakati sisi tumekata mafunjo, yale matete marefu ya papairasi. Yale mafunjo ya upande wa kaskazini mito inapoingilia ndiyo yalikuwa yanapunguza kasi ya maji, udongo unatua hapo, mizizi inakula mbolea, ziwani yanaingia maji yaliyosafika. Tumeyafyeka, tumeyachoma, tumelisha mifugo, ziwa likirudi nyuma mtu analima palepale lilipokuwa. Makubaliano ya mwaka wa 1933 yalishasema ardhi iliyo chini ya kontua (mstari wa kimo kutoka usawa wa bahari) ya mita 1,892.8 mwenye shamba anaweza kuitumia lakini asijenge kitu cha kudumu. Hii ni karibu karne moja sasa! Watu wa wakati huo walijua ziwa hili linapanda na kushuka, na linarudi kudai mahali pake.

Kihoto, mtaa wa hapa Naivasha ulio kando ya ziwa, inaonyesha hayo vizuri zaidi kuliko mimi. Maji yalipopanda 2020 yaliingia kwa nyumba za watu, na vyoo vya shimo navyo vikazama, yote yakawa maji mamoja na hayo ndiyo watoto wanayapitia. Mpangaji hana kosa, alipewa nyumba akalipa kodi. Aliyegawa ploti na aliyepitisha ramani ndio wa kuulizwa.

Kama una ploti karibu na maji, Karagita, Kasarani, popote, kuna vitu huhitaji kungojea serikali. Mafunjo na nyasi ndefu za mbele yako ziache, usizifyeke ndio upate viu. Septiki iwe mbali na maji na inyonywe kabla haijajaa, na lendilodi mwenye vyumba vingi aonyeshe risiti ya eksosta (lori la kunyonya choo) kama vile anavyotaka kuona ya kodi. Usioshe gari wala pikipiki ufuoni. Ukiweka fatalaiza kwa loni yako, zile nyasi za uani, kando ya ziwa, ile inayobaki inaenda majini tu.

Kanuni za maji zinasema kingo za mto ziachwe mita 6 hadi 30 kulingana na upana wake, na mimi nataka kuona machifu, maafisa wa kilimo na vyama vya watumiaji maji wakipima hizo mita Malewa nzima kabla ya mvua ndefu zijazo, waweke alama ambazo kila mtu anaziona, na siku hiyohiyo ya kupima waje na miche na nepia ya kupanda, kwa sababu ukimnyang'anya mtu mistari miwili ya viazi na humpi kitu, msimu ukifika atailima tena.