Tafuta kwanza mahali tambarare Bukavu

Bushoni ya chini! Fundi anabadilisha mafuta ya bwati, yaani giaboksi ya gari, na ameanza na bushoni (kizibo) ya chini!

Mimi ni mtu mpole, na kwetu hatupigi kelele barabarani. Nilisimama pembeni, mikono nyuma, kama mzee wa baraza anayesikiliza kesi ya mbuzi. Mafuta ya bwati yalichuruzika yote ndani ya beseni, meusi kama kahawa ya kilioni, na fundi akatabasamu kana kwamba kazi imekwisha. Ndipo akakumbuka bushoni ya juu, ile ya kujazia. Akaweka kle (spana) ya 24, akavuta, kle ikateleza. Akavuta tena. Pembe zote sita zilishaliwa na koleo la fundi aliyemtangulia. Bwati tupu, tundu la kuijaza limegoma, na papa, mzee mwenye gari, amevaa suti, kwa sababu saa nane anangojwa kwenye mahari ya mtoto wa dada yake.

Ya juu kwanza, jamani. Ya juu! Ikikataa kufunguka, mafuta ya zamani bado yamo, na unarudi nyumbani na gari lako na aibu yako. Jioni unapulizia mafuta ya kutu, unaazima soketi ya pembe sita (ile ya meno kumi na mawili ndiyo inayokula pembe), kesho unajaribu tena. Lakini ukianza na ya chini, umevunja daraja ukiwa katikati ya mto.

Na nani alimwambia papa kwamba shida ni mafuta? Alikuja na habari moja tu: vitesi (gia) ya pili inalia krrr asubuhi. Hapa Bukavu gari likilia krrr kila mtu ni daktari, na dawa ni moja, badilisha mafuta, kama kila homa inavyoitwa malaria. Zima moteri kwanza, papa. Gari likiwa limelala, ingiza vitesi zote moja moja. Zikiingia laini, halafu zikawa ngumu zote moteri ikishawaka, bwati haina kosa. Ni ambriaji (klachi) haiachii: mafuta yake yamepungua, au hewa imeingia kwenye bomba, au kamba imelegea. Au fanya hivi: moteri inawaka, kanyaga ambriaji mpaka chini, hesabu hadi tano, ingiza marsharie, gia ya kurudi nyuma. Kwenye bwati nyingi za zamani marsharie haina sinkro, pete ya kuituliza, kwa hiyo ikikwaruza hapo ujue ambriaji inaburuta. Mwaga mafuta yote ya mji huu, krrr itabaki palepale, ila sasa itakuwa krrr ya dola ishirini. Na mkono wa vitesi ukizunguka ovyo kama kijiko ndani ya kikombe, tafuta vipira vyake vilivyokufa, mafuta yaache yalale.

Ila kwa gari hili, nikiri, mafuta yalikuwa na hatia. Ya pili tu, asubuhi tu, na likishapata joto kule mtaa wa Nyawera linanyamaza. Ziwa Kivu lenyewe liko meta 1,460 juu ya bahari na sisi tumejenga juu yake, sasa kwa baridi hii mafuta yaliyozeeka yanaamkaje saa kumi na mbili asubuhi? Ndani ya bwati kuna pete za sinkro, za shaba ya manjano. Kabla meno hayajakutana, pete inasugua koni ya gia mpaka zote mbili zizunguke kwa mwendo mmoja. Mafuta yakiwa mazito mno kwa baridi, pete haiwezi kuyakata ili iguse koni. Meno yanakutana bila kusalimiana. Krrr.

Beseni nalo lilikuwa na ya kwake. Bushoni ya chini ina sumaku, na juu ya sumaku kulikuwa na uji wa kijivu, laini, kama jivu lililolowa. Huo ni uzee wa kawaida, pangusa. Kipande cha jino ndicho cha kukunyima usingizi, na hakikuwamo. Ila ukiyainua mafuta kwenye jua yalimetameta dhahabu kidogo: pete za shaba zinaisha polepole. Yangekuwa na rangi ya chai ya maziwa, ningesema maji yameingia kupitia kipumulio siku gari lilipovuka mto. Na kama tungekuta unga wa mbao na ganda la ndizi, basi papa aliuziwa gari na mtu mwenye akili sana, maana huo ndio ujanja wa kuzibisha mdomo bwati inayopiga kelele mpaka mnunuzi apite kona.

Kuhusu duka la mafuta sisemi mengi. Muuzaji alisema mafuta ya namba 90 ni mazito kupita mara mbili ya namba 40. Si kweli: namba za bwati na namba za moteri hupimwa kwa mizani mbili tofauti, na 75W-90 ya bwati inakaribia 10W-40 ya moteri. Akaleta GL-5 (GL ni daraja la mafuta ya gia), «ni kubwa kuliko GL-4, papa, tano inapita nne.» Tano ni ya difransieli (difu)! Ina dawa nyingi zaidi ya salfa, inayolinda meno yanayosagana kwa nguvu, lakini kwa pete za shaba mara nyingi ni utelezi uliozidi, pete inashindwa kuuma koni, na nyingine huichubua shaba yenyewe joto likipanda. Soma kitabu cha gari. Kikisema GL-4, ni GL-4. Kuna yanayokubali zote mbili, na kuna Honda za zamani ambazo mafuta yake maalumu yakikosekana ziliruhusiwa ya moteri, 10W-30 au 10W-40, kwa muda. Kitabu, si muuzaji. Ukinunua ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, hapo huna mafuta, una siri.

Turudi kwa fundi. Alishika patasi na nyundo, akaigonga bushoni ukingoni, upande wa kushoto, ta, ta, ta, na kila ta papa alifumba macho kama ni jino lake linalong'olewa. Ikaachia. Wakachukua nyingine kwenye Corolla iliyokufa nyuma ya garaji, wakaweka rondeli mpya ya alumini, kile kipete cha kuzibia, kwa sababu ya zamani ilishabanwa ikawa bapa na haitaziba tena. Bushoni ya chini ikafungwa kwa kiasi, karibu Nm 40 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Kijana wa garaji alitaka kuning'inia juu ya kle kwa mwili mzima. Hapana, kijana, gamba la bwati ni alumini, utachana njia za nati.

Mpira wa meta moja ukashushwa toka juu, faneli ikawekwa, mafuta yakaanza kushuka taratibu. Gari la papa, Corolla nalo, linakula lita 1.9. Ilipofika lita moja na kidogo, mafuta yakaanza kutoka kwenye tundu.

«Imejaa!» fundi akasema.

«Fundi, lita moja na kidogo.»

«Papa, si unaona inatoka? Imejaa.»

Kilichojaa ni mteremko! Gari limesimama Kadutu, pua inaangalia ziwa, ubavu umeegemea upande wa tundu. Mafuta yamekimbilia huko yote. Kipimo ni ukingo wa chini wa hilo tundu, mafuta yasipungue zaidi ya milimita 5 chini yake, lakini gari liwe limelala sawasawa. Sawasawa! Bukavu! Fundi akasimama, akafuta mikono, akaangalia juu, akaangalia chini, akasema kwa huzuni: «Papa, Bukavu yote imeinama. Njo vile tunafanyaka.»

Tukaanza kutafuta. Bushoni imefungwa kwa vidole, chupa ya maji iliyopungua imelazwa juu ya dashibodi ili tuone povu linakimbilia wapi, gari linasukumwa polepole, moteri imezimwa. Mbele ya famasi povu lilikwenda nyuma. Mbele ya saluni likaenda mbele. Kwenye uwanja wa shule lingekaa katikati, naapa, lakini mlinzi alitaka barua. Barua! Ya kulalisha gari! Watoto walishaongezeka, wengine wakisukuma, wengine wakisukuma wanaosukuma. Mama mmoja mwenye sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akauliza nani amekufa.

Povu likasimama. Katikati kabisa, halitikisiki, kama jicho la samaki. Papa akainua kichwa, akaona hema jeupe, viti vya plastiki, mapazia ya zambarau. Mahali pekee palipo tambarare ni ua wa wakwe.

Ukoo wa upande wa msichana ulikuwa umeketi tayari. Msemaji wao alikuwa amesimama, fimbo mkononi, akiulizia ng'ombe. Ndipo msafara wa upande wa mvulana ukaingia: Corolla inasukumwa, papa wa suti ameshika usukani kwa dirishani, fundi ana faneli kifuani kama medali, watoto kumi na sita.

«Karibuni,» msemaji akasema, na akasubiri.

Fundi hakusubiri. Alilaza katoni, akaingia chini ya gari. Ni miguu miwili tu iliyobaki kwenye mahari.

«Huyu baba aliye chini,» msemaji akauliza kwa adabu kubwa, «kwenu anahesabika kama nani?»

Papa akajikohoza. «Ni... ni upande wetu.»

«Upande wa baba au wa mama?»

Sauti ikatoka chini: «Lete mafuta!»

Wakadhani ni desturi. Kumbe kuna watu ambao mahari yao inaanza na mafuta! Shangazi mmoja akaenda jikoni akaleta chupa ya mawese, na kijana wa garaji, Mungu amsaidie, akaanza kuifungua. Nikaruka. Mimi, mtu mpole wa mikono nyuma, niliruka juu ya viti viwili vya wakwe nikiita «GL-4! GL-4!» na nasikia sasa kwenye ukoo ule wanaamini hilo ndilo jina langu.

Zikaingia mililita mia nane nyingine, zile ambazo fundi alikuwa ameshazifungia kwenye koti lake kwa ajili ya baadaye. Kijana mwembamba akakunja kidole, akakipitisha tunduni, kikagusa mafuta kwenye ukingo hasa. Hapo ndipo pa kuacha, ndugu. Ukizidisha, mafuta yanapiga povu, joto linapanda, silii ya mbele (mpira wa kuzuia mafuta) inasukumwa na mafuta yanaingia kwenye ambriaji, halafu gari linalia moteri bila kupanda, na sisi tunaishi kwenye ngazi. Bushoni ikafungwa. Fundi akatoka, akapewa soda kabla ya wazee, akaketi mstari wa mbele. Nasikia alisaidia kupunguza ng'ombe wawili.

Malipo yalikuwa dola tano. Papa akatoa noti. Fundi akaiinua juani, akaigeuza, akaonyesha mpasuko pembeni, mdogo kama unyoya wa sisimizi. Kazi ya bushoni haikuwa na jicho hilo! Kle inateleza mara nane hakuona, ila mpasuko wa noti anauona kwenye kivuli cha hema.

Yale meusi ya kwenye beseni, kabla watu hawajauliza, hayakwenda mtaroni, maana mtaro unakwenda ziwani na sambaza tunawala. Mwenye mbao aliyachukua kupaka nguzo kwa ajili ya mchwa. Afadhali.

Na vitesi? Laini! Papa alizunguka mara mbili mpaka Feu Rouge na kurudi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama kisu kwenye parachichi, akisahau hata bibi harusi. Nikamwambia asahau tena mpaka kilomita 40,000 zipite, kwa barabara hizi. Na aondoe mkono juu ya kile kichwa cha vitesi anapotembea. Si fimbo ya kutegemea. Chini yake kuna uma unaosuguana na kola saa zote mkono ukiwa hapo.

Jioni gari likarudi kazini, teksi, mtaa wa Essence. Wanne nyuma, wawili mbele, kama kawaida. Gari la usukani wa kulia, sasa fikirieni wenyewe vitesi ya kwanza na ya pili ziko upande gani: upande wa abiria. Wa katikati alikuwa yule mama wa sambaza, beseni juu ya mapaja, goti moja huku, goti moja kule. Ya kwanza ikaingia bila neno. Tukapanda. Moteri ikaanza kulia, papa akashika mkono wa vitesi, akavuta chini, haushuki.

«Si nilikuambia mafuta hayakuwa mazuri,» akanigeukia.

«Papa, hilo ni goti.»

«Mama, samahani, naomba ya pili.»

«Ya pili ya nini? Mimi nimelipa nafasi moja!»

Na tuko mlimani, moteri inalia, nyuma yetu hoooni.