Paa Lililobaki Hewani: Seattle na Uwanja Wake wa Hoki

Ujenzi ulipopamba moto, paa la uwanja mkongwe wa jiji la Seattle, Marekani, lenye uzito wa takribani tani 20,000, lilibaki limeshikiliwa na nguzo za chuma za muda. Chini yake hapakuwa na jengo. Kuta zilishavunjwa, viti vilishang'olewa, na mashine zilikuwa zikichimba shimo ambalo leo ndilo ukumbi wa timu ya hoki ya barafu ya Kraken.

Paa hilo lilibuniwa na Paul Thiry kwa ajili ya Maonesho ya Dunia ya mwaka 1962, na mwaka 2017 jiji lilitambua jengo hilo kuwa alama ya kihistoria. Anayetaka kujenga hapo sharti alinusuru paa. Je, kulinusuru kulistahili?

Wenye shaka hawasemi ovyo. Jengo hili lilishakarabatiwa mara moja na matokeo yakawa mabaya. Mwaka 1995 lilifunguliwa upya kwa jina la KeyArena baada ya sakafu kushushwa na vyuma vya paa kuimarishwa, ila vipimo vyote vilipigwa kwa mpira wa kikapu. Uwanja wa hoki una urefu wa mita 61, zaidi ya mara mbili ya ule wa kikapu. Barafu ilipomwagwa haikukaa sawa: ubao mkubwa wa matokeo ukaning'inia juu ya mstari wa buluu badala ya katikati, na viti vingi vya upande mmoja havikufaa kwa sababu aliyeketi hapo hakuliona goli. Miaka 13 baadaye hata timu ya kikapu, SuperSonics, ikahamia Oklahoma City. Kwa waliokumbuka hayo, kukarabati tena kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Tena palikuwa na pendekezo jingine, la uwanja mpya kabisa mtaa wa SoDo, karibu na viwanja vingine vikubwa vya jiji. Mwaka 2016 madiwani walilikwamisha kwa kura 5 dhidi ya 4, wakikataa kuachia kipande cha barabara kilichohitajika kwa uwanja huo.

Mimi naisoma historia hiyo kwa namna nyingine. Kilichoshindwa mwaka 1995 ni ukarabati wa nusu nusu. Safari hii walichimba chini zaidi kwa karibu mita 4.5, eneo la ndani likaongezeka zaidi ya maradufu, na hoki ikapata viti 17,151 vinavyoitazama barafu ipasavyo. Umbo la Thiry halikuguswa.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo nawapa watu wa Seattle heshima yao. Mwaka 2006 karibu robo tatu ya wapiga kura walipitisha sheria ya kuzuia fedha za jiji zisitumike kwa timu za kulipwa bila faida ya haki kurudi. Kwa hiyo kampuni ya Oak View Group ndiyo iliyobeba mzigo. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola milioni 600; kazi ilipokwisha, bili ilipita bilioni 1. Fikiria nyongeza hiyo ingeangukia hazina ya jiji! Jengo limebaki mali ya umma, na kampuni ni mpangaji. Lakini mpangaji naye hutaka kurudisha chake, na hukirudisha kupitia tiketi, vyakula na matangazo. Mwananchi ni mwenye nyumba, ila kuingia humo kunamgharimu.

Jina nalo lina utata. Amazon ilinunua haki ya jina mwaka 2020 na kuuita Climate Pledge Arena, yaani uwanja wa ahadi ya tabianchi. Mitambo yake inatumia umeme, na maji ya mvua hukingwa kutoka kwenye paa hilohilo, yakatumika kutengenezea barafu. Jambo hilo linanifurahisha kweli, mvua ya Seattle kuwa sakafu ya mchezo. Hata hivyo umeme wa jiji hilo kwa sehemu kubwa ulikuwa tayari ukitoka kwenye mabwawa, ilhali zege na chuma kipya cha ukumbi huo vilitoa hewa ukaa nyingi kabla mchezaji hajavaa viatu vya barafu. Sifa ya mazingira inayosimama bila ubishi ni ile ya kutokuvunja paa.

Na kuna hasara moja ambayo Seattle inaijua. Mwaka 1917 timu yake ya hoki ya Metropolitans ilikuwa ya kwanza kutoka Marekani kutwaa Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo, na ililitwaa katika ukumbi wake wa nyumbani. Ukumbi ule uligeuzwa gereji ya magari, kisha ukabomolewa. Mahali pake leo pana ghorofa la ofisi.