Acheni kufuta namba zinazoruka

Binti wa dada yangu yuko kidato cha nne, shule moja ya hapa hapa Dar. Juzi alinionyesha daftari lake la praktikali ya fizikia, lile jaribio la pendulamu ambalo sote tumelipitia. Uzi sentimeta 50, mibembeo 20, rudia mara tatu. Kwenye jedwali kaandika 28.4, 28.4, 28.4. Pale kwenye 28.4 ya tatu karatasi imechubuka kwa raba, na ukiigeuzia kwenye mwanga unaisoma penseli ya kwanza: 27.0. Nikamuuliza hii imekwenda wapi. "Mjomba, mwalimu kasema namba inayoruka ni kosa, tufute tuweke inayofanana na zenzake."

Nimekasirika na hasira haijaisha. Mbembeo mmoja wa uzi wa urefu ule huchukua sekunde 1.42. Gawanya 27.0 kwa 1.42, unapata 19. Mtoto alisema "moja" pale alipoachia jiwe, badala ya kuanzia sifuri. Namba ile ilikuwa inaeleza waziwazi kilichotokea mezani, sisi tukamfundisha kuinyamazisha.

Kupika data tumeshakuzoea, tunakuita ujanja wa mtihani. Mimi naona ni kumharibu mwanasayansi akiwa bado mbichi, na nasema hivyo kwa sababu fizikia ninayoifuatilia kuliko zote, ya migongano ya ayoni nzito, yaani viini vya atomu nzito vinavyogonganishwa kwa kasi kubwa, inaishi kwa vitu vinavyokataa kukaa kwenye wastani.

Kule maabara ya Brookhaven, Marekani, walianza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000. CERN, maabara ya Ulaya iliyoko Geneva, wakafuata mwaka 2010 kwa viini vya risasi, kila kimoja kina protoni na nyutroni 208 kwa jumla. Joto linalozuka linapita lile la katikati ya jua zaidi ya mara 100,000. Protoni na nyutroni zinayeyuka, kwaki na gluoni, vijichembe vinavyoziunda, zinatiririka kama kimiminika chenye mnato mdogo ajabu, kisha kila kitu kinapoa na maelfu ya chembe yanarushwa pande zote. Viini viwili vikigongana kwa kupishana kidogo, eneo la mgongano linakuwa duaradufu, na umbo hilo linaonekana kwenye chembe zinazotoka: nyingi upande huu, chache upande ule. Hadi hapo hesabu za wastani zilitosha.

Lakini walipopima pembe kati ya chembe moja na nyingine, jozi kwa jozi, kwenye mchoro vikajitokeza vinundu viwili ambavyo hakuna aliyevitarajia. Wengine wakasema ni wimbi la mshindo linaloachwa na kwaki inayokata kimiminika kwa kasi. Karatasi zikaandikwa, mabishano yakaendelea kwa miaka. Mwaka 2010 Burak Alver na Gunther Roland wa chuo cha MIT, Marekani, wakaonyesha mahali palipofichwa jibu. Hesabu nyingi zilichukua kiini laini, kilichosawazishwa, na kwenye kiini laini umbo la pembetatu haliwezi kutokea, ulinganifu unalikataza. Kiini halisi hakiko hivyo. Kila mgongano unazikuta protoni na nyutroni zimekaa ovyo, huku zimerundikana, kule pana pengo, na mara nyingi mrundikano huo una umbo la pembetatu. Pembetatu ya mgongano mmoja inaelekea huku, ya mwingine kule. Ukijumlisha migongano yote ukatafuta wastani, zinafutana zote, unabaki na duaradufu safi ya kupendeza. Ukikaa ndani ya mgongano mmoja mmoja na kutazama chembe zinavyohusiana, pembetatu hiyo hapo. Mwaka 2011 timu ya jaribio la ALICE wakaipima kule CERN, na leo huwezi kukadiria vizuri mnato wa kimiminika kile bila kuitumia. Kitu kilichodhaniwa ni sifuri ndicho kilichogeuka kipimo!

Kwa asiyeona namna jozi zinavyoweza kusema jambo ambalo wastani hausemi, kaa kwenye lango la kituo cha mwendokasi Kimara mahali ambapo barabara huioni. Wastani utakupa idadi ya watu kwa dakika, basi. Tazama sasa nani anaingia sambamba na nani, utagundua wanakuja mafungu mafungu, na kila fungu ni daladala iliyoshusha punde, ambayo hukuiona. Kimiminika cha kwaki nacho hakuna atakayekiona. Kinaisha kabla hata nuru haijavuka upana wa atomu moja. Tunachobaki nacho ni abiria wake.

Mbinu yenyewe ina ukoo wa heshima. Wanasayansi Hanbury Brown na Twiss walipima upana wa nyota ya Sirius mwaka 1956 kwa kulinganisha kuyumba kwa mwanga kwenye vipokezi viwili, na mwaka 1960 Goldhaber na wenzake wakaona jambo la aina hiyo kwenye jozi za chembe ndogo ziitwazo pioni.

Na Brookhaven wakaenda mbali zaidi: kuanzia 2010, kisha tena 2019 hadi 2021, wakawa wanabadilisha nishati ya migongano hatua kwa hatua, wakihesabu kila mgongano umetoa protoni ngapi ukiondoa antiprotoni, pacha zake zenye chaji hasi. Wanatafuta nukta ambapo kuyumba kwa hesabu hiyo kunabadilika ghafla. Kipimo chao kinapandisha tofauti na wastani kwa kipeo cha nne, kwa hiyo migongano michache iliyo mbali na wastani inabeba uzito mkubwa kupita idadi yake. Mjadala haujafungwa. Raba hapo ingefuta kile kile kinachotafutwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu ana wanafunzi wengi, stopwochi chache, na msahihishaji anayetaka mstari ulionyooka. Nakubali pia kwamba hata ALICE hutupa data. Lakini wao huandika sababu, na kigezo ni kimoja kwa migongano yote, hakichaguliwi kwa kuangalia jibu linalopendeza.

Kuna watakaosema mambo haya ni ya Wazungu wa Geneva. Afrika Kusini wamo ndani ya ALICE. Na tangu mwaka 2014 CERN wana hazina ya data iliyo wazi kwa yeyote, ikiwemo ya migongano ya risasi, bure. Walimu wa fizikia wa Temeke, Ilala na Kinondoni, nipeni Jumamosi moja na kompyuta yenye intaneti. Nitakuja tuzichore pembe za jozi pamoja na vijana wenu.