Kunguru wa Kokwa la Embe

Ujumbe uliingia kwenye grupu la wazazi saa tatu usiku: "Ndugu wazazi, keshokutwa kila mtoto aje na ndege aliyemtengeneza." Chini yake orodha: manyoya ya rangi, macho ya plastiki, karatasi za sponji zinazomeremeta. Na picha ya mfano, kijidege cha kifua chekundu kimetua kwenye theluji. Theluji! Sisi wa Tabata, Dar es Salaam, ambao feni ikizimwa tunaamka tumelowa.

Halafu ni Januari, ada bado inadaiwa.

Sikununua kitu. Mwanangu ana miaka mitano, na uani kulikuwa na makokwa ya embe yamekauka tangu Krismasi, yale ya embe lenye nyuzi. Nilimpa moja na mswaki mkuukuu. Akazichana zile nyuzi mpaka zikasimama kama manyoya ya kifaranga aliyenyeshewa. Miguu, njiti za chelewa kutoka kwenye ufagio. Mabawa, makumbi ya nazi. Gundi alileta bibi yake: ulimbo wa fenesi. Tukajipaka mafuta ya kupikia viganjani, la sivyo tungegandana sisi kwa sisi.

Ikabaki rangi. Mtoto alisema anatengeneza kunguru, kwa hiyo nikamwambia apake masizi mwili mzima, tukalale. Akagoma. "Mama, shingoni siyo mweusi." Nikabisha. Mimi nimezaliwa mji huu, makunguru wameniibia vitumbua tangu nasoma darasa la pili, leo nifundishwe rangi yao? Asubuhi akanivuta hadi jalalani. Wale wale, waliopelekwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 eti wasaidie kula taka, wamejaa pale wanagombania utumbo wa samaki. Shingo ya kijivu! Kuanzia kisogoni hadi kifuani, kama kavaa skafu. Umri wangu wote sijawahi kuiona.

Hapo ndipo ninapogombana na ile orodha. Ukimpa mtoto manyoya ya dukani ya pinki na kijani, hana cha kwenda kuangalia. Ndege ameshamalizika dukani, kilichobaki ni kubandika. Na kwa sababu ile gundi ya moto inaunguza, anayebandika ni mama, saa tano usiku, mtoto kalala. Tusidanganyane, wale ndege wazuri waliopangwa dirishani kwa mwalimu ni kazi za watu wazima. Kokwa la embe halifanani na ndege. Inabidi mtoto aulize mkia unaanzia wapi, mdomo umepinda au umenyooka, kisha atoke nje akatazame. Akitaka kusuka kiota, aende akamwangalie mnana kwenye mnazi: dume anachana utepe wa kuti kwa mdomo, anausuka, na jike likija kukagua lisiporidhika, kazi imeharibika. Somo hilo halimo kwenye pakiti ya sponji.

Na Juni 2019 si tulipiga marufuku mifuko ya plastiki? Haya, sasa tunawanunulia macho ya plastiki.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwalimu mwenye watoto hamsini hawezi kuwagawia ulimbo. Na si kila kilicho asili ni salama: jirani aliniletea mbegu za turituri ziwe macho, nyekundu zenye doa jeusi, zinapendeza kweli. Nilizirudisha mbio. Zile ni sumu mtoto akizitafuna, na nyonyo vilevile. Tukaweka mbegu za ubuyu. Manyoya ya kuku nayo osha kwa sabuni, uyaanike juani kwanza. Anayekaa ghorofani bila mti, sokoni magunzi na makumbi yanatupwa kila siku, aombe tu.

Ijumaa kunguru wetu alirudi nyumbani na kikaratasi: "Aongezewe rangi."

Mtoto kakisikia, kaangalia lile skafu la majivu alilopaka kwa kidole, kaniuliza, "Rangi gani tena, mama?" Nikakosa jibu la kumpa bila kumsema mwalimu wake.

Yuko juu ya friji sasa, bawa moja limelegea. Mtoto mwenyewe ameshaagiza kifuu, sijui cha nini. Nimemwambia asubiri kesho nikikuna nazi.