Daftari la duka la bunduki lisigombaniwe kama urithi

Bandugu, hii mambo ya lile duka dogo la bunduki hapa Lubumbashi, lile lililobaki bila mwenyewe tangu patro alipofariki, mi naona watu wanaichukua mchezo. Kila mtu anauliza nani atarithi, mjane ao watoto ao wadogo wa marehemu, lakini nani ana ufunguo na nani ana daftari, hapo hakuna anayeuliza. Jina la duka siandiki, famiya bado iko na kilio, ila wale wenye kuwindaka kule upande wa Kasenga wanalijua vizuri, na wengi wao bunduki zao ziko mle ndani mpaka leo.

Nianze na urithi juu ndio unaopigiwa kelele. Kode ya famiya ya 1987, yaani sheria ya familia ya nchi yetu, ile waliyoirekebisha 2016, iko wazi: watoto wa marehemu wanapata robo tatu ya mali, na ile robo inayobaki ndio wanagawana mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Basi wale wadogo wa marehemu waliokuja na kufuli mpya hata matanga hayajaisha, sehemu yao ni ndogo, na haiwapi ruhusa ya kumfungia mjane mlango.

Lakini hata watoto wenyewe, wanarithi nini pale? Nyumba sawa, rafu sawa, jiriwa na tupa za fundi sawa, na madeni pia. Bunduki walizoacha wateja ili zitengenezwe hazikuwa za marehemu hata siku moja. Na hata zile zake mwenyewe, sheria ya silaha ya nchi yetu, ile ya tarehe 3 septemba 1985, inataka permi, yaani kibali cha kuwa na bunduki, na permi inaandikwa kwa jina la mtu. Baba akifa, mtoto hawezi tu kushusha bunduki ukutani kama redio akaenda nayo kwake.

Nilikuwa pale mlangoni siku mzee mmoja mwindaji alikuja na kikaratasi chake cha deposito kimekunjwa ndani ya kofia. Akasema kwa heshima zote, "Mama, niko nakuya kukamata bunduki yangu, niliachaka kwa marehemu juu ya kutengeneza." Mama akaanza kulia, akamjibu, "Papa, funguo iko na shemeji, na daftari sijui nani alibeba."

Hilo la daftari ndilo lilinitia woga. Ndani ya daftari mna namba ya kila bunduki, jina la mwenyewe, namba ya permi yake, siku iliingia, siku ilitoka, risasi ngapi ziliuzwa na kwa nani. Likipotea, ile bunduki ya mzee, ya kalibre 12, haina tena mwenyewe, yeyote anaweza kuitoa usiku akaiuza na hakuna wa kumfuata, na watu wa komine za Ruashi na Annexe wanaovunjiwa milango usiku hawahitaji mimi niwaeleze zinaishia wapi. Congo ilitia sahihi kule Nairobi mwaka 2004 kwamba silaha zitawekwa alama na kuandikwa. Kaskazini ya Katanga wale wa PAREC, shirika la amani la watu wa kanisa, walipita vijijini wakiwapa watu baiskeli ili watoe bunduki. Kazi yote ile, halafu hapa mjini tunaacha duka zima mikononi mwa mwenye kufuli mpya!

Na sasa wameanza kuuza stoki. Mwenye kuuza hajui kitu. Nimeona kwa macho yangu boksi moja wamechanganya risasi za kalibre 12 na za kalibre 20. Kwa asiyewinda, nieleze, juu hii inaua: ya 20 ni nyembamba, ukiitia katika bunduki ya 12 inateleza mpaka ndani ya mtutu inakwama mbele kidogo ya chumba cha risasi, wewe ukifungua unaona chumba kitupu, unafikiri ulisahau kuweka, unaweka ya 12 nyuma yake, unapiga. Ya nyuma inaigonga ya mbele na mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto uliposhika. Ndio maana viwanda vinazipaka za 20 rangi ya njano, mtu azitambue haraka.

Kuna na baruti nyeusi ya magobori, iko ndani ya mikebe chini ya kaunta. Ile haihitaji moto mkubwa, cheche moja inatosha. Na kwetu umeme unakatika jioni, wanawasha buji, yaani mshumaa, juu ya kaunta ile ile wanaendelea kuuza. Nyuma ya ukuta kuna mama na watoto wanalala.

Halafu bunduki za wazee, nyingi ni za Ubelgiji, za Liège, zenye ule muhuri wa herufi ELG ndani ya alama kama yai. Muhuri unaonyesha mtutu ulipimwa, lakini za zamani sana zilipimwa kwa baruti nyeusi tu, ukizipigia risasi za kisasa mtutu unaweza kufunguka. Marehemu alikuwa anaifungua, anaielekeza kwenye mwanga, anatazama ndani muda mrefu, na kama hapendi alichoona anakataa kukuuzia risasi hata umwekee dola mezani. Nani atakataa sasa?

Mi naomba hivi: burgumestre, mkuu wa komine, na polisi wafunge duka leo, wahesabu kila kitu mbele ya mjane na mtoto mkubwa, kila mwenye permi apewe yake, zinazobaki na baruti zitoke katikati ya nyumba za watu. Tribinali igawe nyumba baadaye, hata ikichukua miaka. Najua mtaniambia polisi wenyewe watazibeba, na woga huo ni wa haki, tumeona mengi. Ndio maana ifanyike mchana, shefu wa avenue awepo, wateja wawepo, namba ya kila bunduki isomwe kwa sauti na kila mtu aandike yake, na daftari litafutwe mpaka lipatikane, aliyelibeba anajulikana ndani ya famiya.

Kama bunduki yako iko mle, peleka fotokopi ya permi na kikaratasi cha deposito komine, usingoje kuitwa. Na nyinyi mlionunua risasi pale tangu msiba, mwageni boksi mezani kabla ya kwenda pori, mtoe zote za njano.